Virusi vya Ziwa Elmenteita na Sababu ya Kujua Ukoo Wao

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Nakuru kuhusu maziwa, sayansi na dawa



Anayesafiri kutoka Nairobi kuja Nakuru, akishaupita mji wa Gilgil, huliona Ziwa Elmenteita upande wake wa kushoto. Wengi husimama pale juu wakapiga picha, kisha wakaendelea na safari. Maji ya ziwa lile ni ya magadi. Hayanyweki, wala hayafai kumwagilia sukuma wiki. Kipimo chake cha pH kinapita 9, kiasi kwamba ukiyashika yanateleza mkononi kama maji ya sabuni. Kwa mkazi ambaye hafanyi kazi ya utalii, ni rahisi kudhani kwamba ziwa hilo ni la ndege na wageni peke yao.

Mwaka wa 2019 ziwa hilo lilitajwa kwa jambo jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Leibniz DSMZ iliyoko mjini Braunschweig, Ujerumani, walichapisha katika jarida la PLOS ONE jenomu kamili za virusi vinane vilivyotoka Elmenteita. Jina la kwanza kwenye ripoti hiyo ni la Juliah Khayeli Akhwale. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Profesa Hamadi Iddi Boga, mtaalamu wa vijidudu ambaye pia aliwahi kuwa Katibu katika Wizara ya Kilimo.

Walichokuta ni hiki: virusi vyote vinane vilikuwa vigeni. Walipovilinganisha na vile vilivyohifadhiwa katika GenBank, hazina ya kimataifa ya taarifa za jenomu, hawakupata kinachofanana navyo kwa kiwango cha maana. Na vyenyewe kwa vyenyewe havikuwa na undugu. Katika ziwa moja, ambalo mtu hulipita kwa gari kwa dakika chache, vilitoka virusi vinane visivyokuwa na ndugu anayejulikana.

Je, hilo linamhusu nini mkulima wa viazi wa Molo, mfugaji wa Bahati au muuza kuku wa Naivasha? Linamhusu kwa mambo matatu: afya ya ziwa, nguvu ya dawa, na haki ya kufaidi mali iliyo kwao. Yote matatu yanaanzia kwenye swali moja: kirusi hiki ni nani, na ni wa ukoo gani?

Virusi visivyomdhuru mtu

Tangu janga la Korona, neno virusi linatisha. Kwa hivyo jambo la kwanza kueleweka ni kwamba virusi vinavyozungumziwa hapa haviambukizi mtu, ng'ombe, kuku wala ndege. Vinaambukiza bakteria peke yao. Wataalamu huviita bakteriofaji, au faji kwa ufupi, maana yake mla bakteria. Mwingereza Frederick Twort aliviripoti mwaka wa 1915. Mwaka wa 1917 Félix d'Hérelle, aliyekuwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alivieleza tena na kuvipa jina hilo.

Faji haionekani kwa darubini ya shuleni. Inahitaji darubini ya elektroni. Nyingi zina kichwa kilichobeba DNA, na mkia. Faji hutua juu ya bakteria, ikadunga DNA yake ndani na kumgeuza bakteria huyo kiwanda cha kutengeneza faji nyingine. Muda ukifika bakteria hupasuka, na faji mpya zikatoka kutafuta windo. Faji pia huchagua sana. Inayoua bakteria wa aina moja mara nyingi haimgusi jirani yake.

Faji ziko kila mahali: kwenye udongo, maji, maziwa, matumbo ya watu na ya mifugo. Wanasayansi hukadiria kwamba idadi yake duniani ni tarakimu 1 ikifuatwa na sufuri 31. Hakuna kiumbe kingine kinachozifikia kwa wingi. Hata hivyo, zilizopewa jina na kujulikana ukoo ni chache mno.

Umbo hudanganya

Kwa miongo mingi faji zilipangwa kwa kuangalia mkia. Zenye mkia mrefu unaojikunyata ziliwekwa katika jamii ya Myoviridae. Zenye mkia mrefu usiojikunyata ziliwekwa katika Siphoviridae. Zenye mkia mfupi zikawa Podoviridae. Ilikuwa njia nzuri kwa wakati wake, kwa sababu umbo ndilo lililoweza kuonekana.

Tatizo la njia hiyo mtu wa Nakuru atalielewa akifika steji. Matatu mbili zinaweza kuwa na bodi ya umbo moja, rangi moja na michoro inayofanana, lakini moja ni ya injini hii na nyingine ni ya injini ile. Fundi anayetaka kuagiza spea hatazami michoro. Huuliza namba ya chasisi. Kwa faji, namba ya chasisi ni jenomu, yaani maandishi yote ya DNA yake. Jenomu zilipoanza kusomwa kwa wingi, ilidhihirika kwamba faji nyingi zilizowekwa pamoja kwa sababu ya mkia hazikuwa na undugu wa karibu hata kidogo.

Kuna ugumu mwingine. Bakteria wote wana jeni inayofanya kazi ileile, iitwayo 16S. Mtafiti akiisoma hiyo peke yake, mara nyingi hujua bakteria wake ni wa ukoo upi. Virusi havina jeni hata moja ambayo vyote vinayo. Kwa sababu hiyo, kwa virusi hakuna njia ya mkato inayotosha. Inabidi jenomu nzima isomwe.

Hata ikisomwa, faji zina tabia ya kubadilishana vipande vya DNA. Ni kama gari lililofufuliwa jua kali, lenye injini ya Toyota, giaboksi ya Nissan na milango ya Isuzu. Ukiiuliza injini ukoo wake utapata jibu moja, na ukiuuliza mlango utapata jingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa faji za Elmenteita. Jenomu nzima hazikufanana na za faji yoyote iliyojulikana, lakini protini zake zilipochunguzwa moja moja, baadhi zilionekana kuwa na asili moja na za faji zilizokwisha kuelezwa kwingineko duniani. Watafiti waliangalia kwa makini zaidi jeni mbili: ile inayohusika na kupakia DNA kichwani na ile ya kunakili DNA. Hizo nazo zilionyesha kwamba faji hizo ziko mbalimbali.

Kutoka ziwani hadi kwenye herufi

Kazi yenyewe hufanywaje? Huanza kwa kumpata bakteria, kwa sababu bila bakteria faji haizaliani. Bakteria wa Elmenteita wamezoea chumvi na magadi, na baadhi yao ni wa makundi ya Bacillus na Exiguobacterium. Ukiwalisha chakula cha kawaida cha maabara hawataota vizuri. Lazima chakula hicho kitiwe chumvi na magadi mpaka kifanane na maji ya kwao.

Bakteria hupandwa kwenye sahani bapa, wakaota na kufunika sahani nzima kama ukungu mweupe. Maji ya ziwa huchujwa kwa kichujio chenye matundu madogo sana, ili bakteria wabaki na virusi vipite. Kisha maji hayo huchanganywa na bakteria wa kwenye sahani. Palipo na faji, hutokea doa la wazi katikati ya weupe ule: bakteria wa hapo wamekufa. Mtafiti huchota kutoka doa moja, akarudia kupanda mara kadhaa, mpaka awe na uhakika kwamba ana faji ya aina moja tu.

Baada ya hapo DNA hutolewa na kusafishwa, kisha huingizwa kwenye mashine ya kusoma mfuatano. Herufi za DNA ni nne tu: A, C, G na T. Jenomu ya faji yenye mkia mara nyingi huwa na makumi ya maelfu ya herufi, na nyingine hupita laki moja. Ya binadamu ina takriban bilioni 3. Mashine nyingi husoma vipande vifupi vifupi, na kompyuta huviunganisha kwa kutazama panapopishana, kama mtu anayerudisha pamoja gazeti lililochanwa. Gazeti likishaungana, kazi inayofuata ni kutambua jeni ziko wapi, zinafanya nini, na zinafanana na za nani.

Inafaa kukumbuka kwamba jenomu ya kwanza kabisa ya DNA kusomwa yote ilikuwa ya faji. Ni phiX174, yenye herufi 5,386, iliyosomwa na kikosi cha Frederick Sanger mjini Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1977. Hao wala bakteria ndio waliofungua njia iliyokuja kusoma jenomu ya ng'ombe, ya mahindi na ya binadamu.

Majina hubaki, jamii huvunjwa

Faji mojawapo ya Elmenteita inaitwa vB_BpsS-36. Jina hilo linaonekana kama namba ya siri, lakini lina mpangilio. Herufi vB humaanisha kirusi cha bakteria. Bps ni kifupi cha bakteria wake, Bacillus pseudofirmus. S ni ya Siphoviridae, jamii ya mikia mirefu isiyojikunyata. 36 ni namba ya maabara.

Mwaka wa 2022 Kamati ya Kimataifa ya Uainishaji wa Virusi, ICTV, ilizifuta rasmi jamii zote tatu zilizopangwa kwa mkia. Faji zenye mkia sasa ziko katika ngeli kubwa inayoitwa Caudoviricetes, na ndani yake hupangwa kwa jenomu. Kanuni inayotumika kwa faji ni kwamba zikilingana kwa zaidi ya asilimia 95 ya herufi, jenomu nzima kwa jenomu nzima, ni spishi moja. Kuanzia takriban asilimia 70, ni jenasi moja.

Kwa hivyo ile S katika jina la faji ya Elmenteita inataja jamii ambayo haipo tena. Mkazi wa mtaa wa London, hapa Nakuru mjini, hatashangaa. Jina la mtaa hueleza lilikotoka, halimwambii mgeni atakachokikuta. Atakaye kujua kilichopo lazima aingie ndani, na kwa faji kuingia ndani ni kusoma jenomu.

Heroe na chakula chao

Jambo la kwanza kati ya yale matatu ni afya ya ziwa. Maziwa Elmenteita, Nakuru na Bogoria yaliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2011. Sifa yao kubwa ni heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Heroe mdogo hula zaidi vijidudu vya kijani vinavyoitwa Arthrospira, ambavyo ingawa hujitengenezea chakula kwa jua kama mimea, kwa ukoo ni bakteria. Na bakteria ana faji wake.

Mwaka wa 2014 watafiti wakiongozwa na Peter Peduzzi wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika Ziwa Nakuru. Walikuta virusi vingi majini kuliko idadi yoyote iliyokuwa imewahi kuripotiwa katika maji ya asili duniani. Waliona pia kwamba faji zilipowavamia Arthrospira, chakula hicho kiliporomoka, na heroe wakapungua sana. Kirusi kisichoweza kumgusa heroe kilimhamisha kwa kumwibia chakula.

Wakazi wanajua pia sababu nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na pale Ziwa Nakuru yamemeza hata lango kuu la zamani la mbuga. Maji yakiongezeka magadi huzimuka, na Arthrospira hupungua. Ndege wakihama, meneja wa hoteli, dereva wa teksi na muuza vinyago wote wanaulizana kulikoni. Anayechunguza ziwa kwa kuangalia kiwango cha maji peke yake ataona nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye vijidudu na virusi vyao, na bila kuvitambua kwa jenomu mtu hawezi kusema kama kirusi kilichovamia mwaka huu ni kilekile cha mwaka uliopita.

Dawa zinazoishiwa nguvu

Jambo la pili ni usugu wa dawa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka wa 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria wasiosikia dawa. Nakuru ni kaunti ya maziwa, mayai na kuku. Kila mara mfugaji anaponunua antibiotiki dukani bila kumwuliza daktari wa mifugo, au anapouza maziwa kabla siku za kusubiri baada ya sindano hazijaisha, bakteria wanapewa mafunzo ya kuishinda dawa hiyo.

Faji ni mojawapo ya silaha zinazochunguzwa upya. Katika mji wa Tbilisi, Georgia, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1923 imezitumia kutibu kwa miongo mingi. Hapa Kenya, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, jijini Nairobi, imekuwa ikichunguza faji zinazoweza kukabili Salmonella kwenye kuku.

Hapa ndipo kujua ukoo kunapokuwa suala la uhai. Si kila faji ni rafiki. Baadhi haziui bakteria mara moja, bali hujificha ndani ya DNA yake na kumwongezea uwezo. Sumu ya kipindupindu, ugonjwa ambao wakazi wanaujua, hutokana na jeni ambazo bakteria alibebewa na faji. Hilo lilithibitishwa mwaka wa 1996. Mtu akichagua faji ya tiba kwa kutazama mkia peke yake, anaweza kumpelekea mgonjwa mzigo wa sumu. Jenomu ikisomwa, jeni za sumu na za kujificha huonekana kabla faji haijamkaribia kuku wala mtoto.

Ieleweke wazi kwamba faji za Elmenteita si dawa. Bakteria zinaowashambulia ni wa maji ya magadi, si wale wanaougua watu nao hospitalini. Asiwepo mtu wa kuchota maji ya ziwa akayauza kama tiba, wala wa kuyanywa. Thamani ya faji hizo iko kwingine: katika vimeng'enya vyake, ambavyo vimezoea mazingira makali ya magadi, na katika maarifa ya jinsi virusi vilivyobadilika tangu zamani.

Mali ya nani?

Hapo ndipo linapoingia jambo la tatu. Vimeng'enya vya maziwa ya magadi vina historia. Mwaka wa 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililalamika hadharani kwamba vijidudu vilivyokusanywa katika maziwa ya Bonde la Ufa vilikuwa vimezaa bidhaa za viwandani ng'ambo, ikiwemo ya kufifisha rangi ya jinzi, bila Kenya kupata fungu lake. Kampuni iliyohusika ilijitetea kwamba ilifuata utaratibu. Mwaka wa 2007 KWS ilitia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark, yaliyoweka wazi ushirikiano katika utafiti wa vijidudu na mgawo wa faida.

Kenya iliweka kanuni za mwaka wa 2006 chini ya NEMA kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na ugavi wa faida. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali kuzilinda rasilimali hizo. Mkataba wa Nagoya ulianza kutekelezwa mwaka wa 2014, na Kenya ni mwanachama.

Lakini jenomu imeleta swali jipya. Zamani, aliyetaka kijidudu cha Elmenteita alilazimika kuja na chupa. Siku hizi, mfuatano wa herufi ukishawekwa GenBank, mtu aliyeko popote anaweza kuusoma kwenye kompyuta na kutengeneza kimeng'enya bila kukanyaga Gilgil. Kuuweka wazi kuna faida, kwa sababu watafiti wa Kenya nao hutumia taarifa za wengine kulinganisha. Bila hazina hiyo, isingewezekana kujua kwamba faji zile nane ni ngeni. Swali ni fungu la mwenye ziwa. Mwezi wa Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambao makampuni yanayofaidi taarifa za aina hiyo yanatarajiwa kuuchangia, na angalau nusu ya fedha imekusudiwa jamii za asili na wenyeji. Mchango bado ni wa hiari. Wakazi wanaoishi kando ya maziwa haya wana sababu ya kufuatilia jinsi mfuko huo utakavyotekelezwa.

Mkazi afanye nini?

Hatua za kuchukua ni za kawaida, lakini zina uzito.

Kwanza, kulinda mito inayolisha maziwa. Mereroni, Mbaruk na Kariandusi huingia Elmenteita. Njoro huingia Ziwa Nakuru. Taka, mafuta ya gereji na dawa za shambani zikitupwa mtoni zinaishia mahali ambapo viumbe visivyopatikana kwingine vinaishi.

Pili, kutumia antibiotiki kwa ushauri wa daktari au afisa wa mifugo peke yake, kumaliza dozi, na kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa, mayai au nyama.

Tatu, kuuliza. Anayekuja kuchukua maji, tope au mimea kwa utafiti anatakiwa kuwa na vibali, kikiwemo cha NACOSTI. Kumwomba aonyeshe kibali si kumfukuza mgeni. Mtafiti halali atakionyesha na atafurahi kueleza kazi yake.

Nne, kwa wazazi na walimu: mtoto anayependa baiolojia au kompyuta asiambiwe kwamba hizo ni njia mbili tofauti. Kusoma jenomu kunahitaji zote mbili, na maziwa ya kaunti hii bado yana maelfu ya viumbe visivyo na jina. Vinane vya Elmenteita vilipatikana kwa sababu Mkenya aliamua kutazama mahali ambapo wengi hupita wakipiga picha.